Nyota ya Mkia na Daftari la Mama

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na walimu wa hesabu tuna ugonjwa wetu: hatuamini kwamba kosa linaweza kuwa letu. Mwanafunzi akikosa, hakusoma. Kitabu kikikosa, kimepigwa chapa vibaya. Mwaka ule nyota ya mkia ilipopita juu ya pwani yetu na hesabu yangu ikakataa kukaa sawa, nilijua papo hapo kosa ni la nani. Nikamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu, na mwenyewe ni mama yangu mzazi.

Mama anaishi Chovai, kisiwa kidogo kusini mwa Kismayo. Alirudi kisiwani baada ya miaka mingi ya ukimbizi Mombasa, akakuta nyumba ya babake imebaki kuta tatu, akajenga ukuta wa nne. Mimi nilikulia kambini, kisha Mombasa mjini, nikasoma huko, na kazi ya kufundisha nikaipata sekondari Kismayo. Kati yetu kuna mashua ya mjomba, mdogo wake mama, inayoleta samaki mkavu mjini na kurudisha sukari, unga na betri. Simu Chovai hushika ukisimama mahali pamoja tu juu ya mwamba, na siku nyingine hata hapo haishiki.

Niliposoma kwamba nyota ya mkia inakuja, tena ya aina ile ambayo safari yake moja haihesabiki kwa vizazi vya watu, nilimpigia mama. Nilidhani atasema mashallah, tuendelee na habari za ndoa ya binamu. Badala yake akaniuliza maswali mawili.

"Imechoka wapi?" Kibajuni chetu hupenda kuweka ch pale wengine wanapoweka t. "Na icharudi?"

Nikamwambia nitapiga hesabu nimjibu. Nilisema hivyo kwa wepesi ule ule ninaowaambia wanafunzi kwamba mtihani utakuwa rahisi.

Najua utasema, si ungetazama tu kwenye mtandao? Wakubwa wa dunia wana darubini kama nyumba, na majibu wameshayatoa. Kweli. Lakini mimi huwapa adhabu wanafunzi wanaochungulia majibu nyuma ya kitabu, na niliona haya kuchungulia mwenyewe. Isitoshe, mama hakuniuliza wakubwa wanasema nini. Aliniuliza mimi. Nilitaka hesabu iwe yetu tangu mwanzo: macho yetu, anga letu, kompyuta yangu ya mkononi yenye kioo kilichopasuka pembeni.

Ndugu yangu aliyeko Ulaya aliwahi kumletea mama kamera kuukuu. Picha zake nzuri, ila kijibetri cha ndani kinachotunza tarehe kilikufa zamani. Kila ukiiwasha, inaamini leo ni siku ile ile ilipotoka kiwandani. Kwa hiyo tukakubaliana: mama atapiga picha, na kila picha ataiandika kwenye daftari, siku gani, saa ngapi na dakika ngapi. Saa ya ukutani aliirekebisha kwa redio kila habari zilipoanza. Kamera aliiweka juu ya kinu alichokipindua, chini yake mfuko wa mchanga, akaiacha ipige yenyewe ili mkono usiitikise. Hakuna aliyemfundisha hayo. Nilipomuuliza alifikiriaje kinu, alinijibu kwamba kinu ndicho kitu pekee nyumbani mwake kisichotaka kwenda popote.

Kazi ya picha ni rahisi kueleza. Nyota za kawaida hazihami, kwa hiyo ukiiona nyota ya mkia katikati yao unaweza kupima iko wapi hasa. Ukiwa na mahali na wakati, siku baada ya siku, unapata njia yake. Ila wakati ukiwa si sahihi, mahali hapana maana yoyote. Ni sawa na kuambiwa mgeni amefika lakini usiambiwe lini.

Wiki za kwanza nyota ilionekana alfajiri, upande wa mashariki, juu ya bahari. Mimi niliipiga kwa simu juu ya dari la nyumba yangu Kismayo, mama akaipiga Chovai. Mjomba alileta kadi ya kamera na daftari ndani ya mfuko wa plastiki uliokuwa unanuka papa mkavu. Nililinganisha zangu na zake. Zake zilikuwa bora kuliko zangu. Nilifurahi, nikamsifu kwa simu, naye akasema "haya" kama mtu aliyesifiwa kwa kujua kupika wali.

Kisha nyota ikazunguka jua, ikapotea siku kadhaa kwenye mwangaza, ikatokea upande wa pili, jioni, magharibi. Hapo Kismayo haikunifaa tena. Magharibi yangu ni jengo la jirani la ghorofa tatu, tangi la maji, moshi wa majiko na taa ya msikiti. Chovai, magharibi ni maji na giza la bara. Jioni zote zikawa za mama.

Kuhusu hesabu yenyewe nitasema kidogo. Nyota ya namna hii ina njia tatu. Iko njia yake ya sasa, karibu na jua. Iko njia aliyokuja nayo, kabla sayari kubwa hazijaanza kumvuta huku na huku. Na iko atakayoondoka nayo, sayari zikishamaliza kumsumbua. (Naona nimeanza kumwita kama mtu. Ndivyo nilivyokuwa wakati ule.) Ukitaka kujua alikotoka, unamrudisha nyuma ndani ya kompyuta siku baada ya siku, ukihesabu Mshtarii amevuta kiasi gani na Zohali kiasi gani, mpaka umtoe nje ya sayari zote. Kisha unarudi mwanzo, unampeleka mbele vivyo hivyo. Na huko nje humpimi tena kwa jua peke yake, bali kwa kitovu cha uzito wa jua na sayari zake zote, maana jua nalo halitulii mahali pamoja. Hilo la mwisho nililisahau, nikapoteza siku nne nikipata majibu ya ajabu, huku umeme ukikatika kila ninapokaribia. Siku ya nne nilimtupia paka kandambili, na paka hakuwa na hatia.

Baada ya hapo jibu hutegemea kitu chembamba kuliko uzi. Kasi yake ikiwa ndogo kidogo, njia inajifunga na atarudi, hata kama ni baada ya makumi ya maelfu ya miaka. Ikizidi kidogo, njia haijifungi, na hatarudi milele.

Mjomba alileta mfuko wa pili, wenye jioni za kwanza. Nikaziingiza kwenye hesabu na kila kitu kikavunjika.

Sizidishi. Picha za alfajiri peke yake zilikaa vizuri. Nikiongeza za jioni, kompyuta inasema nyota imekwenda kana kwamba kuna mtu aliyeisukuma kwa mabega. Nikiondoa ukurasa mmoja wa daftari, inasema nyota hii itarudi wakati wa vitukuu vyangu. Nikiondoa mwingine, inasema haikuwa ya jua letu hata siku moja. Niliandika programu upya tangu mstari wa kwanza. Nilipima picha upya, moja moja, macho yakinitoka machozi. Shuleni niliwafokea wanafunzi kwa makosa ya kugawanya ambayo siku nyingine ningeyacheka. Nilikuwa nakula nimesimama.

Kosa lilikuwa jioni tu. Alfajiri mama hakosei, jioni anakosea. Nikajitungia maelezo: jioni mtu amechoka, macho yamechoka, mwangaza unadanganya, na mama si kijana tena. Maelezo yalikuwa mazuri. Yalikuwa na kila kitu isipokuwa ukweli.

Nilimpata kwa simu akiwa juu ya mwamba wake.

"Mama, kurasa za jioni hazikubali. Zote."

"Hazikubali nini?"

"Hesabu. Una hakika na saa?"

"Saa nairekebisha na redio."

"Basi siku. Unachanganya siku, mama."

"Siku nazijua, mwanangu. Nimeziishi nyingi kuliko wewe."

Afadhali ningenyamaza hapo. Ulimi hauna mfupa. "Labda ni macho," nikasema. "Labda saa huioni vizuri wakati wa kiza. Si kosa lako, ni umri. Mimi naihitaji kazi iwe sahihi, vinginevyo ni bora isiwepo."

Upepo ulipiga kwenye simu. Nilidhani imekatika.

"Haya," akasema mama. "Mchu wa mato mabovu hapimi nyocha." Mato kwetu ni macho.

Mashua iliyofuata ilileta samaki. Hakuna kadi, hakuna daftari. Mjomba alipanga papa wake gatini bila kunitazama usoni.

"Dada yangu umemfanya nini?" akauliza. "Kamera ameifunga kwenye kanga, kaiweka kisandukuni. Nimemuuliza, kaniambia niulize Kismayo."

Ungedhani niliona haya. Sikuona. Niliona hasira. Nilisema moyoni, nyota kama hii haiji mara mbili, na yeye ananuna kama mwari. Sikumpigia. Nilijiambia kwamba hata hivyo kurasa zake za jioni hazikuwa na faida, nikazifuta zote kwenye hesabu, nikabaki na alfajiri. Siku zikapita. Jioni nilipanda darini, nikanyoosha shingo kati ya tangi na ghorofa, nikaiona mara moja, ukungu mdogo, tayari umeanza kufifia.

Kilichonirudisha ni jirani yangu. Ni mama mtu mzima, mcheshi, na kila wiki wanawake wa mtaa hukusanyika kwake kusoma Yasini. Alhamisi moja, adhana ya magharibi imemalizika tu, akagonga mlango wangu akiwa ameshajifunga buibui.

"Abaayo," akaniita kwa Kisomali, yaani dada, "mbona uko na kompyuta? Usiku wa Ijumaa umeingia, wenzio wanakungoja."

Nikavaa nikaenda. Nimekwenda kwenye kisomo hicho miaka mingi. Tangu utotoni najua, kama ajuavyo kila Mwislamu wa pwani hii, kwamba jua likizama Alhamisi, Ijumaa imeingia. Usiku hutangulia, mchana hufuata. Hivyo ndivyo tunavyofunga Ramadhani, hivyo ndivyo tunavyohesabu arubaini ya maiti. Lakini ujuzi huo niliuacha mlangoni pamoja na viatu kila nilipokaa na kompyuta, kwa sababu kompyuta na kalenda ya shule zinasema siku huanza saa sita ya usiku, nami nimezoea kuzitii.

Katikati ya kisomo ulimi wangu ukasimama. Jirani akanitazama. Niliendelea kufungua na kufunga midomo, lakini sijui nilisoma nini.

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari la mama. Lilikuwa daftari la shule, nyuma lina jedwali la kuzidisha. Ukurasa mmoja kwa kila siku. Juu ya kila ukurasa wa jioni ameandika jina la siku, chini yake mstari wa nyota na saa yake, kisha ameacha nafasi kubwa tupu. Nafasi hizo nilikuwa nimeziona, nikasema, mama anapoteza karatasi. Kwenye ukurasa mmoja, chini ya mstari wa jioni, alikuwa ameandika: alfajiri, mawingu. Jioni juu, alfajiri chini, siku moja. Hilo nalo nilikuwa nimeliona. Nilisema amekosea mpangilio.

Mama alikuwa akifungua ukurasa mpya kwa adhana ya magharibi. Nafasi tupu aliiachia siku iliyobaki.

Jioni aliyoiita Jumapili ilikuwa ile ambayo mimi naiita Jumamosi. Kila ukurasa wa jioni niliusogeza mbele siku nzima kwa mkono wangu mwenyewe, na za alfajiri sikuzigusa kwa sababu alfajiri siku yake na yangu ni moja. Ili nisijidanganye tena, nikatafuta picha yenye mwezi. Ipo moja: mwezi mwembamba, Zuhura pembeni, nyota ya mkia juu yao. Mwezi huhama sana kwa siku moja, hausamehi. Kwa tarehe niliyoitia mimi, ulikuwa mbali kabisa na pale picha inapouonyesha. Nikarudisha siku moja. Ukakaa mahali pake kama kifuniko juu ya chungu.

Nikarudisha kurasa zote. Nikaendesha hesabu. Makosa yote yaliyoninyima usingizi yakaisha kwa mara moja, na mimi sikuweza kufurahi hata kidogo. Nilikaa nikitazama jina la siku lililoandikwa kwa mkono wa mama, herufi kubwa, kila moja imesimama peke yake. Nilijichukia. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimemtuma mama akatazame lake.

Jibu la ilikotoka lilipatikana: mbali sana, kwenye baridi ya mwisho ya himaya ya jua, lakini ni ya jua letu. Jibu la inakokwenda halikupatikana. Kompyuta ilinipa upana, si jibu. Upande mmoja wa upana ule nyota inarudi baada ya miaka ambayo sina neno lake, upande wa pili hairudi kamwe, na mpaka wenyewe unapita katikati. Ili kuubana upana ule nilihitaji jioni za baadaye, zile za mwisho kabla haijafifia kabisa, na sasa ilikuwa imeshatoweka. Zilikuwa saba. Zilikuwa ndani ya kisanduku pamoja na kamera, zimefungwa kwenye kanga bila kupigwa.

Labda hata hizo zisingetosha. Kamera kuukuu ni kamera kuukuu. Lakini sitajua, na kutojua huko ni kazi ya mdomo wangu.

Shule ilipofunga nilipanda mashua ya mjomba. Tulipita kisiwa cha Fuma, tukapita cha Darakasi, mjomba akizungumza na injini yake kuliko na mimi. Nilimkuta mama uani anasuka ukili wa mkeka, kile kinu kimerudi kusimama wima. Nikamwamkia, akaitikia, hakusimamisha mikono.

"Kosa lilikuwa langu," nikasema. "Kurasa zako zote ni sawa. Mimi ndiye niliyezisoma kwa siku ya kompyuta. Nisamehe, mama."

Alisuka kidogo.

"Hiyo kompyuta, siku yake huanza lini?"

"Saa sita ya usiku."

"Wachu wamelala?"

"Wamelala."

"Wote?"

"Karibu wote."

"Na nani anashuhudia kwamba imeanza?" Akatikisa kichwa, na nikaona pembe ya mdomo wake ikilegea kidogo. "Nimekusomesha Mombasa kote kule."

Kisha akauliza lile swali lake, kwa sauti ile ile ya siku ya kwanza. "Haya. Icharudi?"

Nikamweleza ilikotoka, akasikiliza. Nikamweleza kwamba inakokwenda sijui, na kwa nini sijui. Nikamtajia jioni saba. Nikasema wakubwa wa dunia wana jibu lao, akitaka ninaweza kumsomea.

"Hao mimi nimewauliza?"

"La."

"Basi waache na lao." Akavuta ukindu mwingine. "Hizo jioni saba naliiyona. Kila moya. Nalichoka nje, naliiyangalia, nikaingia ndani."

Nikamsogelea. "Ulipiga picha?"

"Ningepigaje? Mchu wa mato mabovu?"

Mama aliweka ukili chini, akanyoosha mkono kuelekea magharibi, kwenye anga la saa tisa ya mchana lisilo na kitu, akaanza kunionyesha. Siku ya kwanza ilikuwa hapa, juu ya ule mnazi, urefu wa ngumi mbili. Siku ya pili imepanda, imesogea kulia. Siku ya tatu palikuwa na wingu, akangoja hadi likapita. Alikumbuka zote, na kila moja aliiita kwa siku yake.

Nikatoa daftari kwenye mfuko. Niliandika kila alichosema, ukurasa kwa ukurasa, nikiianza kila siku kwa magharibi, ingawa hakuna hata mstari mmoja ambao kompyuta ingeukubali.